Mchongezi, Shushushu na Mtoa Taarifa: Istilahi za Filamu za Majambazi wa Kifaransa

Mfasiri aliyepewa filamu ya majambazi ya Kifaransa aiandikie maneno ya Kiswahili chini ya picha atakutana mapema na neno dogo lenye uwezo wa kumharibia kazi nzima. Neno lenyewe ni jina la mtu anayepeleka habari za wenzake kwa polisi. Wafaransa wana majina mengi ya mtu huyo. Katika lugha ya ofisi huitwa indicateur, na mitaani jina hilo hukatwa likawa indic. Wahalifu humwita balance, yaani mizani, kwa sababu kitenzi balancer kina pia maana ya kutupa au kubwaga, na kumbwaga mwenzako ni kumtaja. Humwita pia donneuse, mtoaji wa kike, hata akiwa mwanamume mwenye ndevu, na tusi limo katika huo uke. Aliyetiwa katika chumba cha gereza ili asikilize maneno ya wafungwa ni mouton, kondoo. Na katika filamu moja ya mwaka 1962, ambayo tutaieleza mbele, ni doulos, neno ambalo hapo kwanza ni kofia.

Kiswahili nacho si maskini. Tunaye mchongezi, mbeya, mdaku, msaliti, kibaraka, pandikizi, shushushu, na katika miaka ya karibuni mtoa taarifa. Shida ni kwamba kamusi ndogo za lugha mbili aghalabu humpa mfasiri neno moja au mawili tu, mpelelezi au jasusi, naye hulitumia hilo kila mahali. Mpelelezi ni mtumishi wa dola na analipwa mshahara. Jasusi huitumikia nchi dhidi ya nchi nyingine. Hakuna hata mmoja wao aliyekula sahani moja na watu anaowataja, na katika filamu hizi jambo hilo ndilo humfanya mtu auawe. Katika makala haya tutaeleza habari za filamu hizo na mahali zilipotoka, kisha tutapendekeza maneno, pamoja na sababu za kuyatenga.

Tuanze na jina la ulimwengu wenyewe. Wafaransa huuita le Milieu, neno lenye maana ya katikati, mazingira, au watu wa jamaa moja. Wafasiri wanaopitia Kiingereza hukuta humo neno lenye maana ya 'dunia ya chini', na tumekwisha kuona likifasiriwa kwa Kiswahili kuwa kuzimu. Kuzimu hukaa wafu na mizimu. Majambazi wa Paris walikaa Pigalle na Montmartre, katika vilabu vya usiku vyenye taa nyingi. Katika maandishi ya kueleza inatosha kusema ulimwengu wa magenge. Katika mazungumzo ya filamu, hata hivyo, Kiswahili cha mitaani kina msemo unaofaa zaidi, nao ni watoto wa mjini. Na mhusika aliyekwisha pata mvi katika kazi hiyo, anayesalimiwa kwa heshima na wenye vilabu, ataitwa mzee wa mjini bila ya mtazamaji yeyote kuhitaji maelezo.

Mzee wa namna hiyo ndiye Max, aliyechezwa na Jean Gabin katika Touchez pas au grisbi, filamu ya Jacques Becker ya mwaka 1954. Max na rafiki yake wa siku nyingi, Riton, wameiba dhahabu katika kiwanja cha ndege cha Orly. Wanataka kupumzika. Hadithi imetoka katika riwaya ya Albert Simonin iliyotolewa mwaka 1953 katika Série noire, mfululizo ulioanzishwa na Marcel Duhamel mwaka 1945 katika kampuni ya vitabu ya Gallimard. Hapo mwanzo mfululizo huo ulikuwa kazi ya wafasiri. Ulitoa riwaya za Waingereza na Wamarekani, na miongoni mwa waandishi wake wa awali alikuwamo James Hadley Chase, ambaye vitabu vyake vimesomwa sana hata Afrika Mashariki. Simonin alikuwa miongoni mwa Wafaransa waliojaza nafasi hiyo kwa maneno ya nyumbani kwao. Maneno hayo yalikuwa mageni hata kwa Wafaransa wengi, hivyo riwaya yake ikatiwa faharasa ya msamiati mwishoni, na mwaka 1957 mwandishi huyo akatoa kamusi kamili ya lugha ya wahalifu. Si mara nyingi riwaya ya kijambazi humzaa mwanakamusi.

Neno grisbi ni fedha au mali ya wizi. Hapa Kiswahili kina bahati ya pekee. Ngawira, ambayo tangu zamani ni mali iliyotekwa vitani, imetumika mitaani kwa maana ya fedha tu, na hivyo neno moja limebeba maana zote mbili ambazo grisbi linazihitaji. Mfasiri asiyejua hivyo ataandika pesa, na atakuwa amesema kweli, ila ladha itakuwa imemwagika.

Mwaka uliofuata, 1955, ulitoka Du rififi chez les hommes. Mtengenezaji wake, Jules Dassin, alikuwa Mmarekani aliyefungiwa kazi kwao Hollywood kwa ajili ya siasa zake, na filamu hiyo ilimpatia tuzo ya uongozaji huko Cannes. Inajulikana kwa sehemu moja ya karibu nusu saa ambamo wezi wanatoboa dari ya duka la vito bila neno hata moja kusemwa na bila muziki. Mwavuli unapenyezwa katika tundu na kufunguliwa ili udake vifusi visidondoke. Povu la kuzimia moto linanyamazisha kengele ya hatari. Mfasiri wa maneno ya chini ya picha hana la kufanya kwa nusu saa hiyo, na pengine ndiyo sehemu pekee ya filamu hizi inayofika kwetu nzima.

Jina la filamu lakini ni kazi ngumu. Auguste Le Breton, mwenye riwaya, alidai kwamba neno rififi alilibuni mwenyewe. Watazamaji wa Paris hawakulijua, ikabidi mwimbaji katika filamu aimbe wimbo mzima wa kulieleza. Ni ugomvi wa kutoana damu. Vurugu halitoshi, na mapigano ni la gazetini. Patashika linakaribia, kasheshe linakaribia zaidi, kwa kuwa nalo lilitoka mitaani na kila mtu analielewa kabla ya kulieleza. Sehemu ya pili ya jina, chez les hommes, ni rahisi kuliko inavyoonekana. Hommes hapa si binadamu wa kiume kwa jumla. Ni wale waliokubaliwa kuwa watu wa kazi, wasiotaja wenzao. Kiswahili husema fulani ni mwanamume kwa maana iyo hiyo. Kwa hiyo Kasheshe kwa Wanaume.

Tusiondoke kwa Le Breton kabla ya kutaja jambo moja litakalowafurahisha walimu. Katika riwaya hiyo ya 1953 alitia maneno ya verlan, usemi wa kugeuza silabi nyuma mbele, ambao jina lake lenyewe ni neno la Kifaransa la 'kinyume' lililogeuzwa. Watu wa Unguja na pwani walikuwa na mchezo kama huo, na wakauita vivyo hivyo, Kinyume: silabi ya mwisho huletwa mwanzoni, kofia ikawa akofi. Mfasiri atakayekuta verlan katika kinywa cha jambazi hana haja ya kuazima kitu. Chombo kiko nyumbani, kimepigwa vumbi tu.

Sasa turudi kwa mtu wetu anayepeleka habari. Msomaji akizitazama filamu hizi moja baada ya nyingine ataona kwamba karibu kila moja inageuka juu ya mtu aliyesema asichopasa kusema, lakini namna ya kusema si moja. Katika Grisbi, Riton anamwambia kimada wake, Josy, habari za dhahabu ili ajione mkubwa. Josy anamwambia Angelo, na Angelo anamteka Riton ili adai ngawira. Riton hakumchongea mtu. Ni mropokaji. Katika Rififi, César, mvunja makasha kutoka Milano, anampa mwanamke pete iliyoibwa. Kwa pete hiyo maadui wanamkamata na kumshurutisha amtaje mwenzake. Dassin mwenyewe aliicheza nafasi hiyo kwa jina la kubuni. Mkuu wa kundi, Tony, anampiga risasi César akiwa amefungwa kambani, na César anaikubali hukumu kwa kuwa anazijua kanuni. Mfasiri akimwita César mchongezi, atakuwa amemwongezea kosa ambalo hata muuaji wake hakumshtaki nalo. Alimtaja mwenzake kwa wahalifu wengine, na kwa hofu ya roho yake.

Mchongezi halisi ni Régis katika Pépé le Moko, filamu ya Julien Duvivier ya mwaka 1937, ambamo Gabin ni jambazi aliyejificha katika Casbah ya Algiers. Régis anafanya biashara na polisi, na kwa barua ya uongo anamtoa kijana wa Pépé mahali pa salama. Kuchongea ni kumsema mtu kwa mwenye mamlaka ili adhurike, na ndicho alichokifanya. Katika filamu hiyo hiyo yumo Slimane, afisa wa polisi anayepita humo mchana kweupe na kunywa na majambazi, kila mmoja akijua ni nani. Slimane ni kachero. Kumpa yeye na Régis neno moja ni kuifuta filamu.

Katika Le Trou, filamu ya mwisho ya Becker, iliyotoka mwaka 1960, wafungwa wanne wa gereza la La Santé wanachimba njia ya kutorokea, nao wanaletewa mtu wa tano, Gaspard. Habari ni ya kweli: jaribio hilo lilifanyika mwaka 1947, na mmoja wa waliokuwamo, Jean Keraudy, aliicheza nafasi yake mwenyewe. Mtazamaji anajiuliza tangu mwanzo kama Gaspard ni mouton. Tafsiri ya kondoo ingepotosha, maana kondoo wetu ni mnyonge asiye na hatia. Neno lifaalo ni pandikizi, kwa maana ambayo siasa zetu zimelizoesha, mtu aliyepandwa kati ya watu. Lakini Gaspard hakupandwa. Aliletwa, akaaminiwa, akachimba pamoja nao, kisha akaitwa kwa mkuu wa gereza. Huyo ni msaliti, kwa sababu usaliti hauwezekani pasipo kuaminiwa kwanza.

Tunakiri kwamba mipaka hii ni myembamba, na kwamba mtazamaji hana muda wa kufungua kamusi. Ndiyo sababu mfasiri anapaswa kuwa ameamua kabla.

Mwenye riwaya ya Le Trou alikuwa José Giovanni, na habari zake zinatulazimisha kutazama nyuma ya pazia. Jina lake halisi lilikuwa Joseph Damiani. Alihukumiwa kifo mwaka 1948, akapunguziwa adhabu na Rais Vincent Auriol, akatoka gerezani mwaka 1956 na kuanza kuandika. Riwaya zake, kama filamu zilizotokana nazo, zimejaa sifa za uaminifu: mwanamume hasemi, rafiki hamtupi rafiki. Katika Le Deuxième Souffle, iliyofanywa filamu na Jean-Pierre Melville mwaka 1966, mtoro Gu Minda anatekwa na polisi waliojifanya majambazi. Anamtaja mwenzake bila kujua kwamba maneno yake yananaswa katika kinasa sauti. Muda wote uliobaki wa filamu anapigania kitu kimoja tu, asiitwe kwa jina lile. Mfasiri akiweka hapo mpelelezi au jasusi, hakuna atakayeelewa kwa nini mtu mzima anakubali kufa kwa sababu ya neno.

Lakini mwaka 1993 magazeti ya Uswisi yalifichua kwamba Giovanni mwenyewe aliwahi kuwatumikia Wajerumani waliokuwa wameitawala Ufaransa. Hakuwa peke yake. Kati ya mwaka 1940 na 1944 sehemu kubwa ya ulimwengu wa magenge ilipata bwana mpya. Mhalifu Henri Lafont, pamoja na Pierre Bonny aliyewahi kuwa mkaguzi wa polisi, waliongoza kikundi kilichoitwa Carlingue katika nyumba namba 93 ya mtaa wa Lauriston, Paris. Lafont aliwatoa wahalifu gerezani na kuwapa vitambulisho vya Kijerumani. Kazi yao ilikuwa kupora, kutesa, na kuwataja wapinzani wa Wajerumani. Wakuu hao wawili walipigwa risasi kwa hukumu ya mahakama mwezi wa Desemba 1944. Wengine walirudia ujambazi. Pierre Loutrel, aliyetoka humo humo, alikuwa kinara wa genge lililotisha Ufaransa mwaka 1946 kwa magari ya Citroën yenye kasi kuliko ya polisi.

Kadhalika Abel Danos, aliyeuawa kwa hukumu mwaka 1952. Giovanni alimjua gerezani, akamfanya mhusika wa riwaya, na mwaka 1960 Claude Sautet akaitengenezea filamu, Classe tous risques. Jina limebadilishwa kidogo kuwa Abel Davos, na kilichoachwa nje ni Carlingue nzima. Tunabaki na baba aliyechoka, mwenye watoto wawili wadogo, aliyetupwa na rafiki zake. Ni filamu nzuri sana. Hata hivyo mtu ambaye maisha yake ndiyo yaliyotumika alikuwa kibaraka, na kwa Kiswahili neno hilo lina historia nzito kuliko mchongezi, maana huuza nchi, si wezi wenzake. Mfasiri haruhusiwi kulitia katika filamu ambamo halimo. Lakini anayeandika utangulizi wa filamu hiyo kwa ajili ya darasa au kituo cha televisheni hana udhuru wa kuliacha.

Hata mkusanya maneno hatoki safi katika historia hii. Orodha ya awali ya lugha ya wezi wa Kifaransa tuliyonayo iliandikwa Dijon mwaka 1455, katika kesi ya kundi la Coquillards, kutokana na maelezo ya watu waliokubali kufichua siri za wenzao. Vidocq, mfungwa aliyewapelelezea polisi wafungwa wenziwe kabla ya kuwa mkuu wa kikosi cha usalama cha Paris, alitoa mwaka 1837 kitabu juu ya wezi pamoja na msamiati wao. Kwa hiyo karne nyingi kabla ya Simonin, aliyejua maneno ya wahalifu na kuyaandika alikuwa, kwa lugha yao wenyewe, mchongezi. Sisi tunaofanya kazi ya istilahi leo tunakaa kwenye kiti ambacho aliwahi kukikalia Vidocq. Tunakaa bila wasiwasi, lakini yafaa tujue.

Kwa nini Baraza lijishughulishe na haya? Kwa sababu maneno hayabaki katika filamu. Polisi wetu wanapotangaza kwamba wamepata habari kutoka kwa raia mwema au msamaria mwema, wanamzungumzia mtu ambaye mtaani anaweza kuitwa shushushu au mnoko, na kwa jina hilo akachomewa nyumba. Sheria iliyotungwa Tanzania mwaka 2015 ilikusudia kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Neno mtoa taarifa ni refu na halina ladha yoyote, na huo ndio uzuri wake: halimtukani mtu wala halimsifu. Likianza kutumiwa katika filamu kwa mtu kama Régis, litapata doa, na mwananchi anayetaka kufichua rushwa ofisini kwake atakuta jina alilopewa na sheria limekwisha kuvikwa ngozi ya Régis. Kinyume chake, karani anayeandika katika jalada la serikali kwamba taarifa ililetwa na mchongezi amekwisha kuiazima sauti ya genge bila kujua. Tunapendekeza basi kwamba mtoa taarifa liachwe kwa maandishi ya sheria na utawala. Mchongezi, msaliti na pandikizi yatumike kwa mipaka tuliyoieleza, katika vinywa vya wahusika wenye haki ya kuyasema.

Onyo la namna hiyo hiyo lahusu jambazi lenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inatenga wizi, uvunjaji wa nyumba, unyang'anyi, na unyang'anyi wa kutumia silaha. Ujambazi si jina la kosa lolote kati ya hayo. Wale wa Rififi, usiku ule wa duka la vito, ni wavunjaji. Ujambazi unaanza kesho yake. Mkuu wao aitwe kinara. Caïd, neno la Kifaransa kwa mtu kama huyo, lilitoka katika Kiarabu kwa maana ya kiongozi, na lisichanganywe na kaidi letu, ingawa makaidi wote wawili hawasikii la mtu.

Imebaki filamu ya kofia. Le Doulos ya Melville inaanza kwa maandishi yanayoeleza kwamba neno hilo katika lugha ya siri ni kofia, na kwamba kwa polisi na wahalifu mwenye kuvaa kofia ni mpeleka habari. Aliyesoma Agano Jipya kwa Kiyunani asidanganywe na doulos la huko, ambalo ni mtumwa, hapana uhusiano. Jean-Paul Belmondo ni Silien, mtu mwenye rafiki wa kweli katika polisi na rafiki wa kweli kati ya wezi, Maurice Faugel. Faugel anaamini kwamba Silien amemtaja, anamtuma muuaji, kisha anagundua kwamba aliyemtaja alikuwa mwanamke aliyekaa naye nyumba moja. Anakimbia kwenda kuzuia kifo, na wote wawili wanakufa.

Jina la filamu kwa hiyo lazima libebe shaka hadi dakika ya mwisho. Msaliti linamhukumu Silien kabla ya kesi, na mchongezi vilevile. Tunapendekeza Shushushu. Neno hilo halidai kwamba mtu amekwisha kumdhuru mwenzake. Lasema tu kwamba yuko karibu na dola kwa njia isiyosemwa kwa sauti, na mlio wake wenyewe unanong'ona. Maandishi ya mwanzo yasifupishwe, na kofia itajwe kwa jina lake, kwa sababu Silien anaivaa filamu nzima na anajirekebishia mbele ya kioo anapokufa. Pale maafisa wa polisi wanapozungumza naye kwa adabu, wamwite rafiki yetu. Neno shushushu libaki kwa Faugel na wenzake, na lisitokee zaidi ya mara chache.